Pevingi Ikizama, Tafuta Maji Kwanza

Masika yakikatika, nyumba nyingi za Dar es Salaam hubaki na alama zilezile: kidimbwi kando ya baraza ambacho mwaka jana hakikuwapo, matofali matatu manne yaliyolegea karibu na geti, na nyasi zilizojipenyeza kwenye mistari ya njia. Mwenye nyumba hutazama, huguna, kisha huanza kuulizia bei ya pevingi mpya. Asifanye haraka. Tofali la zege lililotengenezwa vizuri huishi miaka mingi kuliko rangi ya ukuta unaotazamana nalo, na likizama si kwamba limechoka. Kilichoondoka ni mchanga ulio chini yake, na mchanga hauna miguu. Umebebwa na maji. Ukilijua hilo, sehemu kubwa ya ukarabati wa njia za nyumbani inakuwa kazi ya Jumamosi na Jumapili, ya ndoo kadhaa za mchanga, kwa matofali yaleyale uliyonayo.

Pevingi, au kabro kama wanavyoiita Kenya, imejengwa kwa tabaka. Chini kabisa ni ardhi yenyewe, iliyosawazishwa na kushindiliwa. Juu yake hukaa moramu, kifusi kizuri au kokoto, nayo imeshindiliwa hadi ikakaza: sentimita 10 hadi 15 kwa njia ya miguu, na zaidi ya hapo pakipita gari. Kisha unakuja mchanga wa kulazia, milimita 25 hadi 40 tu. Juu ndipo tofali, la unene wa milimita 60 kwa njia za kawaida za nyumbani, au milimita 80 pale panapoingia boza la maji na malori ya mchanga. Kati ya tofali na tofali kuna mwanya wa milimita 2 hadi 5 uliojazwa mchanga laini, na pembeni kote kuna kingo, yaani mawe au zege la kuzuia mstari wa mwisho usisogee.

Mianya na kingo ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote. Mchanga wa kwenye mianya haukuwekwa kwa ajili ya kupendezesha. Gurudumu linapokanyaga tofali moja, msuguano wa mchanga ule hulishikamanisha na majirani zake, nao wakabeba sehemu ya mzigo. Mianya ikibaki mitupu, kila tofali linajitegemea: linatikisika, linausukuma mchanga wa chini pembeni, mwisho linazama. Ukingo nao ukitoka, mstari wa kwanza husogea nje, mianya hupanuka, mchanga hutiririka, na uharibifu huingia ndani safu baada ya safu. Ndiyo maana fundi mzuri akiitwa kutazama njia iliyoharibika huanza kutembea pembeni, si katikati.

Waholanzi, ambao miji yao ilitandikwa matofali ya udongo kwa karne nyingi, waligeukia matofali ya zege baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati yale ya kuchoma yalipokuwa adimu. Lakini desturi ya kuyalaza juu ya mchanga bila saruji hawakuiacha. Bomba likipasuka chini ya mtaa, fundi anang'oa matofali, anatengeneza bomba, anayarudisha yaleyale. Barabara ya lami haikupi nafasi hiyo, wala sakafu ya zege.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu wengi. Pevingi ikianza kulegea, dawa wanayoikimbilia ni uji wa saruji: unakorogwa kwenye ndoo, unamwagwa juu, unasukumwa kwa fagio mpaka mianya ijae. Siku hiyo njia inaonekana imetulia. Baada ya muda ardhi inacheza kidogo, kama ardhi zote zinavyocheza, na ile saruji isiyoweza kupinda inapasuka vipandevipande. Maji yanaingia kwenye nyufa lakini hayatoki upesi, kwa hiyo mchanga wa chini unakaa umelowa. Na siku ya kufukua bomba, matofali hayang'oki mazima tena. Yanavunjwa kwa nyundo. Ukimsikia fundi anasema "tuweke saruji ishike", mwambie ahsante, kisha muulize mchanga umekwenda wapi.

Jibu la swali hilo mara nyingi utalipata mwenyewe. Mvua ikinyesha, vaa kandambili utoke nje utazame. Maji yanaanguka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi? Nyumba isiyo na gata huwa na mstari ulionyooka chini ya ncha za bati, ambapo matone yamechokonoa mianya yote. Hapo unaweza kurudisha mchanga kila mwaka na kila mwaka ukaondoka. Dawa yake ni gata na bomba la kuyafikisha maji mbali, au angalau kuondoa safu moja ya matofali chini ya ncha za bati na kuweka kokoto mahali pake. Kukiwa na gata lakini bomba lake linamwaga maji juu ya pevingi, shimo utalikuta palepale bomba linapoishia.

Angalia pia mteremko. Njia inatakiwa ishuke sentimita 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na nyumba. Huhitaji vifaa vya mpimaji. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uweke kufuata mwelekeo wa mteremko, na chini ya ncha ya upande unaoshuka uweke kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4. Pima maji ikituama katikati, mteremko uko sawa. Ukilazimika kuongeza vipande zaidi ili ituame, njia ina mteremko mkali kuliko huo, na mara nyingi si neno. Ukilazimika kupunguza, maji yanazubaa hapo. Na kama ncha ya karibu na ukuta ndiyo iliyo chini, unaumwagilia maji msingi wa nyumba yako.

Mkanda unaozama sambamba na ukuta, upana wa nusu mita hivi, una sababu yake. Wakati wa kujenga, mtaro wa msingi ulifukiwa kwa udongo uliotupwa tu bila kushindiliwa, na miaka inavyopita udongo ule unashuka. Mistari miwili inayozama mfano wa reli ni ya magurudumu, dalili kwamba tabaka la moramu ni jembamba kwa uzito wa magari yanayoingia. Matofali yaliyoinuka badala ya kuzama ni kazi ya mizizi. Na vichuguu vidogo vya mchanga juu ya mianya ni vya sisimizi, wanaohamisha mchanga chembe kwa chembe. Ukiwaachia msimu mzima watakuachia uwazi chini ya matofali.

Kuna visa viwili visivyotaka subira. Cha kwanza ni pevingi inayozama wakati wa kiangazi, pasipo mvua. Funga mabomba yote ya nyumba, usitumie maji kwa nusu saa, kisha katazame mita. Ikiwa inazunguka, una bomba linalovuja chini ya ardhi, na hakuna ukarabati wa juu utakaodumu mpaka lizibwe. Cha pili ni hatari zaidi: pevingi inayozama juu ya karo la maji taka au pembeni yake. Mifuniko ya zege ya makaro ya zamani huliwa na gesi kutoka chini, nondo zikashika kutu na zege likabaki ganda. Weka kizuizi, watoto wasipite, usipasimamie kupima kwa mguu, na mwite mtu anayejua mambo ya karo kabla ya mtu wa pevingi.

Ukishajua chanzo na kukizuia, ndipo ushike vifaa: bisibisi mbili bapa, nyundo ya mpira, mtaimbo, chepe, pima maji, ubao ulionyooka, uzi, fagio, na toroli. Piga picha ya eneo kwa simu kabla ya kugusa chochote. Mpangilio unaoonekana rahisi machoni unachanganya sana ukishakuwa rundo, hasa matofali ya zigizaga na yale yaliyokatwa kufuata kona. Vile vipande vya kona viandike namba kwa chaki.

Tofali la kwanza ndilo lenye jeuri. Limebanwa pande zote na mchanga uliokaza kwa miaka. Chokonoa mchanga wa mianya yake yote minne kwa kisu kikuukuu hadi chini uwezavyo, mwagia maji kidogo ulegeze uliobaki, kisha chomeka bisibisi moja kila ncha ya tofali. Usiinue kwa nguvu upande mmoja. Tikisa kulia, tikisa kushoto, likipanda milimita chache upande huu unalifuatisha upande wa pili, mpaka kidole kipate pa kushika. Likigoma kabisa, chagua moja lenye ufa tayari, ulivunje kwa patasi na kulitoa vipande. Baada ya hapo mengine yanatoka kwa mkono. Fungua hadi upite eneo lililozama kwa matofali mawili kila upande, mpaka ufike kwenye yaliyokaa imara, kwa sababu pembeni ya shimo mchanga umeshaanza kulegea hata kama macho hayaoni.

Yapange matofali pembeni kwa safu zake na uyakwangue mchanga uliogandia ubavuni. Watu huruka hatua hii, kisha hushangaa mbona la mwisho halirudi. Hesabu ni ndogo: uchafu wa milimita moja kwa kila tofali, katika safu ya matofali kumi, ni sentimita nzima. Tofali la kawaida la sentimita 20 kwa 10, lenye unene wa milimita 60, lina uzito wa karibu kilo 2.8, na mita moja ya mraba inachukua 50. Kipande cha mita mbili za mraba kwa hiyo ni matofali 100, kilo 280 za kuinua, kuhamisha na kurudisha. Chuchumaa, usipinde mgongo.

Ondoa mchanga wote wa zamani mpaka ulione tabaka la chini. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kanyaga kwa kisigino: kikiacha alama ya kina, au udongo ukinata kwenye kiatu, tabaka hilo limekufa. Litoe mpaka ufike pagumu, kisha rudisha moramu au kokoto zenye mchanganyiko wa ukubwa, kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache kitu. Kosa linaloonekana kila mtaa ni kujaza bonde kwa mchanga ili kazi iishe haraka. Mchanga wa kulazia ukiwa sentimita 3 hapa na sentimita 9 pale, hautashuka sawa, na mvua mbili tatu zitakurudishia kidimbwi chako mahali pake. Mabonde hujazwa kwa moramu, na mchanga hubaki tabaka jembamba la unene mmoja.

Mchanga wenyewe uwe mkali, wa chembe nene zenye kona, ambao ukiufikicha kiganjani unakwaruza na hauachi tope. Mchanga laini wa plasta haufai chini. Wengi hutumia vumbi la kokoto kutoka machimboni. Lina kona nzuri na linakaza, lakini lile lenye unga mwingi hushika maji, kwa hiyo silipendi mahali panapokaa majimaji. Mchanga wa ufukweni uache. Una chumvi itakayopanda juu ya matofali, na kuuchota kunazila fukwe ambazo tayari zinaliwa na bahari. Wakazi wa Kunduchi wanalijua hilo kuliko mimi.

Kwa mita zetu mbili za mraba, mchanga wa milimita 30 ni lita 60, ndoo tatu za lita 20. Tayarisha ya nne, maana utashuka ukishindiliwa. Ili unene uwe mmoja, laza vipande viwili vya bomba la chuma la inchi moja juu ya tabaka la chini, viende sambamba, ukivilinganisha na mteremko. Mwaga mchanga kati yake, kisha vuta ubao ulionyooka juu ya mabomba kuelekea kwako. Ukishasawazisha, toa mabomba na ujaze mifereji iliyobaki kwa mkono. Kuanzia hapo mchanga ule usikanyagwe, wala kuku asipite.

Anza kurudisha matofali kutoka upande uliokaa imara, ukipiga magoti juu ya yale uliyokwisha kuyapanga na si juu ya mchanga. Kila moja lishushwe wima, ukiacha mwanya uleule kati yake na jirani. Ukilisukuma kwa mlalo litabeba mchanga mbele yake na kulikosesha nafasi la pili. Safu mbili tatu zikishakamilika, vuta uzi kuhakikisha mistari haijapinda. Eneo lako jipya liwe juu ya lile la zamani kwa milimita 5 hadi 10. Litaonekana kama limekosewa, na jirani atakuambia. Mwache. Kushindilia kutalishusha.

Kwa eneo kubwa, kodi mashine ya kushindilia ya sahani na uweke kipande cha zulia kuukuu chini yake ili isichubue nyuso za matofali. Kwa kiraka kidogo, ubao mnene uliolazwa juu ya matofali kadhaa na nyundo nzito ya kilo 4 au 5 vinatosha; piga, hamisha ubao, piga tena, ukipima usawa kila mara. Kisha ulete mchanga wa mianya. Huu ni tofauti na ule wa chini: laini, mkavu kabisa, uliochekechwa. Wavu wa mbu wa dirishani uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao ni chekecheke nzuri. Umwage juu, uupitishe kwa fagio kwa mshazari hadi mianya ijae, shindilia, ongeza, pitisha tena. Ukiwa na unyevu utaziba juu na kuacha utupu chini, ndiyo maana kazi hii haifanywi asubuhi ya umande. Ikiisha, gari linaweza kupita saa hiyohiyo.

Kingo zinataka neno lake. Ukuta wa nyumba au wa uzio ni ukingo tosha, lakini pale pevingi inapokutana na bustani, mawe ya kingo lazima yakae ndani ya zege, na zege lipande nyuma yake angalau nusu ya urefu wa jiwe. Jiwe lililochomekwa kwenye udongo mtupu litalala siku gari litakapolikanyaga. Panapotakiwa kukatwa matofali kwa grenda, kata kwa maji, vaa miwani na barakoa ya maana. Vumbi la zege lina silika, na silika inayovutwa kwa miaka huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Fundi anayekata makavu kutwa akiwa amejifunga fulana puani hajajikinga.

Mizizi ni suala la busara kuliko nguvu. Mkungu na mwembe iliyopandwa mita moja kutoka njiani itainua matofali, hilo halina mjadala. Kukata mzizi mnene karibu na shina kunaweza kuufanya mti uanguke siku ya upepo. Mizizi myembamba kata. Mzizi mnene uache, uondoe matofali yanayouzunguka, na duara lile ulipe udongo au kokoto. Mti utapata maji, nawe utapata kivuli, na njia inaweza kupinda kidogo.

Sasa usafi. Nyasi za kwenye mianya hazitoki chini kama wengi wanavyodhani. Mbegu zake huletwa na upepo na kuota katika vumbi lililojaa juu ya mchanga. Njia inayofagiliwa mara kwa mara kwa fagio la chelewa haipati nyasi nyingi. Zikishaota, zing'oe na mizizi siku ya pili baada ya mvua, wakati mchanga umelegea, kisha ujaze mwanya mara moja kwa mchanga mkavu, la sivyo umefungulia njia nyasi nyingine. Maji yanayochemka yakimiminwa taratibu huua machipukizi bila dawa. Chumvi usitumie, itaharibu udongo wa maua na kuacha weupe juu ya matofali. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huimwaga kuua magugu, inachafua udongo na maji ya visima kwa muda mrefu, tena inafanya njia iteleze.

Ukoga wa kijani hupenda kivuli na unyevu. Brashi ngumu na maji huutoa. Kupunguza matawi ili jua lifike huuzuia usirudi. Ukiamua kutumia dawa ya kung'arisha nguo, izimue kwa maji, iache dakika chache, uisugue na kuisuuza, mbali na mimea na kuku. Kamwe usiichanganye na tindikali wala dawa ya kusafishia choo, hata kwa kufuatisha moja baada ya nyingine kabla ya kusuuza: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Oili iliyomwagika leo ifyonze kwa maranda au mchanga mkavu, ufagie, kisha usugue kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Ile ya mwaka jana imeshaingia ndani ya zege, na njia fupi ni kuligeuza tofali juu chini, kama upande wa pili ni mzima na hauna kona zilizokatwa.

Unga mweupe juu ya matofali mapya huwatia watu hofu bure. Ni chokaa ya saruji yenyewe iliyopandishwa juu na unyevu na kukutana na hewa. Mvua na miguu ya watu huiondoa polepole. Tindikali huiondoa mara moja, lakini inakula pia saruji na rangi, na tofali hubaki na uso wa chembechembe unaoshika uchafu. Mashine za kuoshea zenye msukumo mkali zina kasoro kama hiyo: zinang'arisha, huku zikichimba mchanga wote wa mianya. Ukioshea hivyo, ushike mrija kwa mshazari na si wima, na usihesabu kazi imeisha kabla ya kurudisha mchanga.

Matofali machache yakihitaji kubadilishwa, usinunue kwa macho. Gonganisha mawili: zuri hutoa mlio mkali, bovu hutoa mlio mfu. Likwaruze kwa msumari. Likitoa unga kirahisi, saruji ni haba. Muulize mtengenezaji lilimwagiliwa maji siku ngapi, maana zege hupata sehemu kubwa ya nguvu zake katika siku 28 za mwanzo likiwekwa na unyevu, na tofali lililofyatuliwa wiki iliyopita na kukaushwa juani ni la kuuza tu. Rangi mpya haitafanana na ya zamani, hata ukinunua kiwanda kilekile. Suluhisho ni kuchukua ya zamani kutoka mahali pasipoonekana, chini ya simtanki au nyuma ya jiko, uyalete mbele, na mapya uyapeleke huko. Wenye njia za matofali ya udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za Iringa na Mbeya, wachague yale yaliyokuwa karibu na moto tanurini: meusi kidogo, mazito, yenye mlio. Yale mekundu mepesi ya pembeni ya tanuri ni ya ukutani. Njiani yatalika kwa msimu.

Jambo moja usilikubali ni kutandika pevingi mpya juu ya ile ya zamani. Njia inapanda, na maji ambayo yalikuwa yakiruka chini ya mstari wa kuzuia unyevu ukutani sasa yanaruka juu yake. Uso wa njia ubaki sentimita 15 chini ya mstari huo; ukiupita, rangi ya ndani ya chumba itaanza kuvimba na hutajua kwa nini.

Na kuna ardhi ambazo kiraka hakizisaidii. Udongo mweusi wa mfinyanzi, wa sehemu za Dodoma au upande wa Embakasi jijini Nairobi, huvimba mvua inaponyesha na kupasuka kiangazi. Pevingi iliyolazwa juu yake bila udongo huo kuondolewa itapanda na kushuka kila mwaka, na fundi wa mwaka huu hatakuwa na kosa zaidi ya wa mwaka jana. Hapo panahitajika kuchimba, kuutoa na kujaza moramu, kazi ya kupimwa na mhandisi, si ya Jumamosi.

Majira mazuri ya kazi ni Juni hadi Septemba, masika yakishaisha na vuli haijaanza, au Januari na Februari kwa anayetaka kuwahi kabla ya masika. Ukimpa fundi badala ya kuifanya mwenyewe, kubalianeni mapema mambo haya: atang'oa hadi tabaka la chini na utalikagua kabla hajamwaga mchanga, mchanga wa kulazia hautazidi milimita 40, hakuna saruji kwenye mianya, na matofali mazima yote yanarudi mahali pake, hayapakiwi kwenye pikipiki. Katika wiki mbili za kwanza mchanga wa mianya hushuka na kuacha utupu juu, kwa hiyo ujazo wa pili ni sehemu ya kazi, si hisani. Sehemu ya malipo ibaki kwako mpaka atakaporudi na fagio lake kuufanya.